Uchungu wa Dawa na Ulimi wa Mtoto

Uchungu ni mojawapo ya ladha tano za msingi ambazo kinywa cha binadamu huzitambua, pamoja na utamu, chumvi, uchachu na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama ambayo wataalamu huiita umami. Mtoto mchanga, ambaye bado hajafundishwa lolote na mtu yeyote, akidondoshewa tone la kitu kichungu ulimini hukunja uso, hutoa ulimi nje na kugeuza kichwa, ilhali tone la maji ya sukari humtuliza na kumfanya arambe midomo. Tofauti hiyo ndiyo mzizi wa tatizo linalojulikana karibu katika kila nyumba yenye mtoto mdogo, yaani mgonjwa wa miaka miwili anayekaza meno, anayetema au anayetapika dawa ambayo pengine uhai wake unaitegemea. Kumwita mtoto huyo mkaidi ni kumkosea haki, kwa maana anachofanya ni kulitii onyo ambalo mwili wake umezaliwa nalo, na wajibu wa kulipatanisha onyo hilo na dawa ni wa watu wazima, wakiwamo wazazi na, zaidi yao, wale wanaotengeneza dawa na kuzigawa.

Juu ya ulimi, kwenye kaakaa na hata kooni mna vinundu vidogo sana vyenye chembe hai za kuonjea, na chembe hizo hubeba vipokezi, ambavyo ni protini zenye umbo maalumu zinazonasa molekuli za kitu kilichotiwa kinywani kama kufuli linavyopokea ufunguo wake. Binadamu anavyo vipokezi vya uchungu vya aina zipatazo 25, na wingi huo una sababu: mimea mingi yenye sumu hujilinda kwa kemikali chungu ziitwazo alkaloidi, hivyo mwili uliojaliwa kuutambua uchungu wa kila namna na kuutema kabla haujamezwa ulikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Kwinini, dawa kongwe ya malaria itokanayo na magome ya mkwinini, mti wenye asili ya milima ya Andes ambao umelimwa kwa miaka mingi pia huko Kivu, ni alkaloidi mojawapo, na ulimi wa mtoto hauna njia ya kujua kwamba alkaloidi hii imepimwa na daktari. Zaidi ya hayo, watoto wengi huhisi uchungu wa baadhi ya vitu kwa ukali kuliko watu wazima, na mapenzi yao kwa utamu ni makubwa hadi wanapoufikia ujana. Tena vipokezi hivyo hurithiwa vikiwa na maumbo yanayotofautiana, ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja waweza kupewa dawa ileile, mmoja akaimeza kwa kukunja uso tu na mwenzake akaitapika yote, bila ya mmoja kuwa na adabu kuliko mwingine.

Wanawake wa Afrika ya Mashariki waliyajua haya zamani sana, ingawa hawakuyaeleza kwa lugha ya vipokezi. Mama aliyetaka kumwachisha mtoto ziwa alipaka kwenye chuchu shubiri, yaani utomvu mchungu wa mmea uitwao mshubiri, au maji ya majani ya mwarobaini. Mtoto alirudi mara moja au mbili, akaonja, akalia, kisha akaliacha ziwa alilokuwa hawezi kulala bila ya kulinyonya. Ikiwa uchungu una nguvu ya kumtenganisha mtoto na kitu anachokipenda kuliko vyote duniani, basi si ajabu kwamba uchungu huohuo, ukiletwa na kijiko wakati mwili wake una homa na tumbo lake halijatulia, humfanya apigane na mkono unaomlisha. Na mtoto hausahau: ladha iliyomkera mara moja hufungamana na kikombe, na rangi, na hata na mtu aliyekishika kikombe hicho, na funzo hilo litarudi kukumbusha umuhimu wake pale dawa itakapochanganywa na chakula.

Kuna imani iliyoenea kwamba uchungu ni kipimo cha nguvu ya dawa, na kwamba ile iliyo tamu haina tofauti na maji ya sukari. Imani hiyo imelelewa na sifa za mimea kama mwarobaini, ambao jina lake lenyewe linatokana na dhana kwamba unatibu maradhi arobaini, na imewafanya wazazi wengi waamini kwamba mateso ya mtoto ni sehemu ya tiba. Si kweli hata kidogo. Uchungu hutokana na jinsi molekuli inavyoingia katika kipokezi cha ulimi, ilhali uponyaji hutokana na jinsi molekuli hiyo inavyomdhuru kijidudu au kurekebisha kazi fulani mwilini, na mambo hayo mawili hayana ulazima wa kwenda pamoja.

Hakuna dawa inayothibitisha jambo hili vizuri kuliko praziquantel, dawa ya kichocho, ugonjwa unaowasumbua watu wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria na katika visiwa vya Unguja na Pemba. Kidonge chake cha kawaida ni kikubwa na kichungu mno, na sababu ya yote mawili imo katika umbile lake: molekuli ya praziquantel ina sura mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, ambazo kila kiungo cha moja kinacho mwenzake katika nyingine lakini haziwezi kulaliana zikawa kitu kimoja. Kiwandani sura hizo hutoka zikiwa nusu kwa nusu, nazo hutiwa pamoja katika kidonge kimoja, lakini inayowaua minyoo ni moja tu. Pacha wake hasaidii kitu cha maana katika tiba, na ndiye aliye mchungu zaidi. Maana yake ni kwamba kwa miongo kadhaa watoto wamekuwa wakimeza kidonge ambacho nusu yake ni mzigo mtupu, na walio chini ya umri wa kwenda shule wakawa wanaachwa nje ya kampeni za ugawaji kwa sababu, pamoja na mengine, hawakuwa na kidonge cha kuwafaa. Watafiti walipoitenga ile sura yenye kazi na kuitengenezea kidonge kidogo kinachosambaratika kwenye maji, waliwaonjesha watoto wa Tanzania wenye umri wa miaka 6 hadi 11, nao wakakipa ladha yake alama nzuri kuliko kidonge cha zamani. Dawa hiyo, iitwayo arpraziquantel, ilipata maoni ya kuikubali kutoka kwa mamlaka ya dawa ya Ulaya mnamo Desemba 2023, kwa ajili ya watoto wa kuanzia miezi 3 hadi miaka 6. Kilichopungua ni uchungu na ukubwa. Nguvu ya kuua minyoo imebaki palepale.

Habari ya praziquantel ni sehemu ya mabadiliko mapana ambayo yamechelewa mno. Kwa muda mrefu mtoto alitibiwa kama mtu mzima aliyepunguzwa, akapewa nusu au robo ya kidonge kilichovunjwa kwa kisu na kusagwa baina ya vijiko viwili. Mnamo Mei 2007 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kutaka dawa bora kwa watoto, na Oktoba ya mwaka huo Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa kwa mara ya kwanza orodha ya dawa muhimu za watoto. Dawa mseto ya malaria, ambayo Tanzania huitwa ALu kwa kufupisha majina ya artemether na lumefantrine, ilipotengenezewa kidonge cha kuyeyusha kwenye maji, wanafunzi wa Tanzania wa miaka 7 hadi 10 ndio waliopewa kuonja ladha tatu, ya stroberi, ya chungwa na ya tunda liitwalo cheri, na hatimaye ikachaguliwa ya cheri. Kidonge hicho kikajaribiwa kwa watoto 899 wa Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yakaonyesha kwamba kinaponya sawasawa na kile cha zamani kilichosagwa. Mwaka uliofuata kikaingia katika matumizi. Kenya ikawa nchi ya kwanza duniani kuanza kutumia kwa nchi nzima, Oktoba 2016, vidonge vya kifua kikuu vya watoto vyenye ladha ya matunda na vipimo vilivyokwisha kupangwa, ili mama asilazimike tena kukata na kukadiria. Kwa watoto wanaoishi na virusi vya ukimwi mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi, kwa maana dawa ya maji ya lopinavir na ritonavir waliyokuwa wakinyweshwa kila siku ilikuwa chungu kupindukia, ilikuwa na kilevi cha zaidi ya asilimia 40 na ilihitaji kuhifadhiwa kwenye baridi. Leo wengi wao hupewa dolutegravir ya miligramu 10, kidonge chenye ladha ya stroberi kinachoyeyuka kwenye maji kidogo, ambacho bei iliyotangazwa mwaka 2020 ilikuwa dola 36 za Marekani kwa mtoto mmoja kwa mwaka mzima.

Dawa za namna hii zipo pia kwa magonjwa ya kila siku. Amoxicillin, kiuavijasumu kinachotumika kutibu nimonia ya watoto, inapatikana kama kidonge cha kuyeyusha, na vivyo hivyo zinki, madini yenye ladha kama ya chuma ambayo mtoto mwenye kuhara hupewa kila siku kwa siku 10 hadi 14. Ubora wa kidonge hicho haumo katika ladha peke yake, kwa sababu hakihitaji friji kama dawa nyingi za maji zilizokwisha kukorogwa, na kipimo chake kimo ndani ya kidonge chenyewe badala ya kuachiwa kijiko. Vijiko vya nyumbani havilingani. Kipo cha chai kinachobeba mililita tatu na kipo kinachofikia saba, ilhali maagizo mengi ya dawa huandikwa kwa kukisia kijiko cha mililita tano. Bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe, lenye alama za mililita ubavuni, ndicho kipimo cha kuaminika, na maduka mengi ya dawa huliuza kwa bei ndogo.

Inapotokea kwamba dawa iliyopo ni kidonge cha watu wazima, haifai kukisaga bila ya kumuuliza mfamasia. Vidonge vingi hupakwa nje tabaka jembamba ambalo kazi yake ni kuficha uchungu, na kikisagwa uchungu wote hufunguliwa kwa mara moja. Vingine vimefunikwa ili visiharibiwe na asidi ya tumbo, au vimeundwa viachilie dawa kidogokidogo kwa saa nyingi, navyo vikisagwa ama hupoteza kazi ama humimina dozi ya kutwa nzima kwa pamoja. Jambo la kinyume nalo ni kweli: katika kampeni za dawa za minyoo, WHO inaelekeza kwamba watoto wa chini ya miaka mitatu wasagiwe kidonge na kutiliwa maji, kwa sababu kidonge kizima chaweza kuwakwama kooni.

Namna ya kumnywesha ndiyo inayoamua mengi. Wapo wanaomlaza mtoto chali, wakambana pua na kummiminia dawa anapofungua kinywa kulia, na njia hii, pamoja na kwamba imerithiwa kwa nia njema, ni ya hatari ya kweli. Mtoto anayelia huvuta pumzi kwa nguvu, na aliyebanwa pua hana pa kuvutia hewa ila kinywani mlimojaa dawa, kwa hiyo hupaliwa, na dawa ikaingia katika njia ya hewa hadi mapafuni, ambako yaweza kumziba pumzi au kumletea nimonia. Aliyekuwa na malaria hupata ugonjwa wa pili kwa mkono wa anayempenda. Mtoto apakatwe akiwa ameketi, mgongo wake ukiegemea kifua cha mzazi na kichwa kikiwa kimeinuka kidogo. Aliye mdogo aweza kuviringishwa kanga ili mikono itulie. Ncha ya bomba huwekwa pembeni, baina ya shavu na ufizi, mbali na ncha ya ulimi na mbali pia na sehemu ya nyuma ambayo ikiguswa humfanya atapike, kisha dawa husukumwa kidogo, mililita moja au pungufu, mzazi akasubiri mtoto ameze kabla ya kuongeza. Akianza kulia kwa kwikwi, mkono usimame hadi atulie. Kazi hii yaweza kuchukua dakika kumi, na dakika hizo kumi ni sehemu ya tiba.

Ladha nayo inaweza kupunguzwa makali. Baridi huutia ulimi ganzi, hivyo mtoto wa miaka miwili na zaidi anayenyonya barafu kidogo kabla ya dawa huhisi uchungu uliofifia, na ndizi mbivu, uji mtamu au asali baada ya kumeza huondoa kinachobaki kinywani, ingawa asali haifai kabisa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ndani ya utumbo ambao bado haujakomaa. Kuchanganya dawa na chakula kunaruhusiwa kwa dawa nyingi, kwa sharti kwamba kiwe kijiko kimoja ambacho mtoto atakimaliza. Dawa ikitiwa katika bakuli zima la uji, mtoto akala nusu na kukataa iliyobaki, hakuna ajuaye amepata kiasi gani. Na hapa ndipo ile shubiri inapopaswa kukumbukwa, kwa sababu kuitia dawa chungu katika uji au maziwa ambayo mtoto huyategemea ni kuufanyia uji ule kile ambacho shubiri hulifanyia ziwa, na mgonjwa aliyekuwa hataki dawa tu akaanza kukataa na chakula. Zipo pia dawa zisizopatana na baadhi ya vyakula, mathalani za kuongeza madini ya chuma, ambazo chai huzizuia zisifyonzwe vizuri. ALu kwa upande wake hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, na kwa mtoto anyonyaye maziwa ya mama hutosha.

Mtoto akitapika, muda ndio hutoa hukumu. Kwa ALu, akitapika ndani ya saa moja tangu kumeza hupewa dozi nyingine, na mzazi hurudi zahanati kuchukua kidonge cha kufidia ili dozi sita za siku tatu zisipungue. Kwa dawa nyingine muda hutofautiana na ni wa kuulizwa. Anayetapika maji ya chumvichumvi ya kuzuia kukaukiwa huachwa kwa dakika 10, kisha huendelea kupewa taratibu, kijiko kwa kijiko. Lakini mtoto anayetapika kila kitu, asiyeweza kunywa wala kunyonya, aliyepatwa na degedege au aliyelegea hata haamki sawasawa, huyo amevuka mpaka wa mbinu za nyumbani na anapaswa kufikishwa kituo cha afya saa hiyohiyo, ambako dawa ya malaria kali hutolewa kwa sindano, au kwa njia ya haja kubwa ikiwa ana umri wa chini ya miaka sita na safari ya kufika hospitali ni ndefu.

Kuanzia umri wa miaka miwili na nusu hivi maneno huanza kufanya kazi, na maneno mabaya hufanya kazi pia. Kumwambia mtoto kwamba asipomeza daktari atamdunga sindano humfundisha kumwogopa mtu ambaye siku moja atahitaji kumwamini, na kumdanganya kwamba dawa si chungu humaliza imani kwa onjo moja. Uongo wa hatari zaidi ni kuiita dawa pipi, kwa sababu mtoto anayeamini kwamba chupa ile ina pipi ataitafuta siku ambayo hakuna mtu mzima chumbani, na dawa mpya zenye ladha ya matunda zimelifanya jambo hili kuwa zito kuliko zamani: lazima zikae juu, mahali panapofungwa. Mtoto aelezwe ukweli kwa kifupi, kwamba ni chungu, kwamba uchungu utaisha upesi na kwamba atapewa ndizi baadaye. Apewe nafasi ya kuchagua jambo dogo, kama atatumia kikombe au bomba, au atapakatwa na mama au na bibi, ilhali swali la kama atakunywa haliulizwi. Akimaliza asifiwe mbele ya wengine, hata kama alilia.

Vidonge vya kuyeyusha vimo katika mwongozo wa matibabu wa nchi nyingi za ukanda huu, lakini mgonjwa hupewa kilichopo rafuni, na kisichoulizwa mara nyingi hakiletwi. Mzazi anayekabidhiwa dawa ya mtoto dirishani na aulize kabla hajaondoka kama ipo ya kuyeyusha, itapimwa kwa kipimo gani, na afanye nini ikitapikwa. Na dozi ya kwanza itolewe palepale kituoni, mbele ya mhudumu, ambako kuna maji safi, kikombe na mtu wa kumwonyesha namna ya kushika bomba.